Mishale ya saa ya zamani: isiyong'aa, inayopukutika, isiyofanana na uso wa saa

Malalamiko kuhusu mishale inayong'aa ya saa kuukuu huwa yale yale. Imegoma kung'aa. Imepasuka na kudondosha vipande. Imekuwa kahawia ilhali namba za kwenye uso wa saa bado ni njano. Au imepakwa upya, inapendeza, na sasa saa inasimama. Vyanzo vyake ni vichache na hujirudia, lakini kuna swali linalotangulia dalili zote, nalo lijibiwe saa ikiwa bado imefungwa: rangi ya kung'aa iliyomo ni ya aina gani? Jibu ndilo litakaloamua kama utaifungua mwenyewe au utaiacha ilivyo. Rangi ya asili ikishakwanguliwa hairudi, na aina mojawapo ni hatari kwa mapafu ya anayeikwangua.

Tambua rangi kabla hujafungua kifuniko

Ya kwanza ni radiamu, iliyotumika kwenye saa za mkono tangu miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960. Kiasi kidogo mno cha radiamu-226 kilichanganywa na poda ya salfaidi ya zinki. Mionzi ya radiamu huzipiga chembe za salfaidi, nazo hutoa mwanga usiku na mchana bila kuhitaji kuwekwa juani. Baada ya miaka kadhaa chembe hizo huharibika kwa kupigwa mfululizo, na mwanga hufa. Radiamu yenyewe haifi. Huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu, kwa hiyo mshale uliopakwa miaka 100 iliyopita bado una kama asilimia 96 ya radiamu yake. Mshale uliozima si mshale salama. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Ya pili ni tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu kuanzia miaka ya 1960 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hupungua kwa nusu kila miaka 12.3. Baada ya miaka 50 hubaki kama asilimia 6. Mionzi yake ni dhaifu, haipiti kioo wala ngozi. Madhara yake ni pale inapomezwa au kuvutwa kwa pumzi. Prometiamu-147 nayo ilitumika kwenye saa chache, lakini hupungua kwa nusu ndani ya miaka 2.6 tu, hivyo kwenye saa za enzi hizo karibu yote imekwisha.

Ya mwisho ni aluminati ya strontiamu, iliyotolewa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993 kwa jina la LumiNova. Super-LumiNova ya Uswisi ni ya ukoo huohuo. Haina mionzi yoyote. Hunywa mwanga na kuutoa polepole kwa saa nyingi. Ukiikuta kwenye saa ya miaka ya 1950, mishale hiyo imepakwa upya au imebadilishwa, hata muuzaji akiapa.

Vipimo vitatu, kwa mpangilio huu:

1. Soma maandishi chini ya namba 6 kwa lenzi inayokuza mara 10. "T SWISS T" au "SWISS – T<25" ni tritiamu (25 ni kikomo cha kiasi chake, kwa milikyuri, kizio cha kupimia mionzi). "3H" kwenye saa za jeshi la Ujerumani, "H3" kwenye za Marekani na herufi T ndani ya duara kwenye za Uingereza ni tritiamu vilevile. "L SWISS MADE L" ni LumiNova. "SWISS" peke yake kwenye saa ya kabla ya miaka ya 1960, yenye rangi ya kung'aa, ichukulie kuwa ni radiamu mpaka kipimo kikatae.

2. Kaa gizani dakika 10 macho yazoee, kisha mulika kwa taa ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365 kwa sekunde 30 na uizime. Rangi isiyoitikia kabisa, au inayoonekana hafifu taa ikiwaka na kuzima papo hapo, mara nyingi ni radiamu. Inayobakia na mwanga dhaifu kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache ni salfaidi ya zinki ambayo bado hai, kwa kawaida ya tritiamu. Inayowaka vikali na kuendelea ni aluminati. Vioo vingine vya plastiki huzuia sehemu ya mwanga huu, kwa hiyo jibu hafifu lisikupe uhakika.

3. Weka kipima mionzi cha Geiger juu ya kioo, kisha nyuma ya kifuniko. Radiamu husomeka pande zote mbili. Tritiamu haisomeki kabisa.

Jambo moja husahaulika: mishale na uso wa saa si lazima viwe vya siku moja. Uso wenye maandishi ya tritiamu unaweza kubeba mishale ya radiamu iliyotolewa kwenye saa nyingine. Maandishi yanasema habari za uso. Mishale ithibitishe kwa taa na kipima mionzi.

ONYO. Kama ni radiamu, yafuatayo ni marufuku nje ya karakana yenye vifaa vya kazi hiyo: kukwangua, kupiga msasa, kupuliza kwa mdomo au kwa hewa ya pampu, na kutumbukiza mishale kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, maana kioevu chote na mashine yenyewe vitachafuka. Usile wala kunywa kwenye meza hiyo, na usitie brashi mdomoni. Wasichana waliopaka nyuso za saa huko New Jersey na Illinois katika miaka ya 1910 na 1920 walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu iliingia mifupani, wakaoza taya, na wengine wakafariki.

Dalili: mishale haing'ai kabisa

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni uzee tu. Kwa radiamu ni chembe zilizochoka. Kwa tritiamu ni tritiamu yenyewe iliyokwisha nguvu. Hakuna dawa ya kufufua. Kuisugua, kuipaka mafuta au kuianika juani hakurudishi kitu, na jua kali hupausha uso wa saa.

Chanzo cha pili ni uchafu wa nje: kioo cha plastiki kilichojaa mikwaruzo au kilichogeuka njano huzuia mwanga kuingia na kutoka. Hili hukutwa zaidi kwenye saa zilizopakwa aluminati, ambazo kwa kweli bado zinafanya kazi. Ng'arisha kioo kwanza. Cha tatu ni unyevu. Aluminati ya strontiamu huharibika ikikutana na maji, na saa iliyowahi kuingia maji inaweza kuwa na mishale mizuri kwa macho lakini imekufa gizani.

Kama saa ni ya kuvaliwa tu na mishale imeshika vizuri, shauri letu ni kuiacha. Mishale ya asili iliyozima, isiyopukutika, ina thamani kuliko mishale mipya inayowaka, na mnunuzi anayejua saa za zamani hutazama hilo kabla hata ya kuuliza mashine.

Dalili: inang'aa sekunde chache kisha inazima

Hii kwa kawaida si hitilafu. Ni salfaidi ya zinki inayofanya kilicho katika tabia yake: hunywa mwanga haraka, huutoa haraka, na tritiamu iliyobaki haitoshi kuiendesha. Saa ya 1985 yenye tabia hiyo ni dalili njema kuwa rangi ni ya asili.

Ila kama mishale hufanya hivyo na ilipakwa upya juzi kwa aluminati, kosa ni la mpakaji. Nenda sehemu ya kupaka upya hapo chini.

Dalili: rangi imepasuka, inapukutika, au kuna vumbi chini ya kioo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo saa nyingi hupotezwa.

Mishale mingi ya zamani yenye rangi ya kung'aa ni fremu ya chuma yenye dirisha katikati. Rangi haikupakwa juu; ilitandazwa kutoka upande wa chini, ikajishikiza kwenye kingo za dirisha kama utando wa sabuni unavyojishikiza kwenye pete. Kilichoushika utando huo ni gundi ya vanishi. Miaka inavyopita, gundi hukauka na kukakamaa, na mionzi huiharakisha. Ukitazama kwa lenzi utaona kwanza ufa mwembamba kama unywele mahali rangi inapokutana na fremu, mara nyingi karibu na ncha. Kisha ufa wa pili unakata kimshazari. Kipande kilicho kati ya nyufa hizo mbili sasa kimeshikwa na ukingo mmoja tu.

Vyanzo, kuanzia kinachoonekana zaidi:

- Gundi kukauka kwa uzee.
- Mshtuko: saa kudondoka, au mishale kung'olewa zamani kwa nyenzo bila uangalifu, fremu ikapinda kidogo na utando ukavunjika.
- Kutu. Mishale ya chuma cha bluu ikipata unyevu, kutu huota chini ya rangi na kuisukuma ibanduke. Utaona mstari wa kahawia ukingoni.
- Rangi iliyopakwa upya juu ya ya zamani. Ya chini huachia na kuondoka na zote mbili.

Ukaguzi rahisi: bila kufungua, geuza saa taratibu chini ya taa na utafute chenga za njano au kahawia kwenye uso, hasa pembezoni. Usiitikise ili kuona kama zinasogea. Chenga moja ikiingia kati ya meno ya magurudumu husimamisha saa, na vumbi la rangi husaga mashimo ya vito, vile vijiwe vinavyobeba mihimili ya magurudumu, kama msasa.

SIMAMA HAPA kama ni radiamu na kuna vumbi. Acha kutia ufunguo, acha kuivaa. Itie kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye zipu, andika "radiamu" juu yake, iweke mahali penye hewa ya kutosha na umtafute fundi anayekubali kazi za radiamu. Wengi hukataa, kwa hiyo uliza kabla ya kuipeleka. Vipande vilivyoanguka havitupwi kwenye taka za nyumbani. Uliza mamlaka ya udhibiti wa mionzi ya nchi yako namna ya kuvisalimisha.

Kama ni tritiamu au rangi ya baadaye, mishale inaweza kuimarishwa bila kubadilishwa. Vaa glavu za nitraili, tandaza karatasi yenye unyevu mezani ili vumbi lishikwe, na ufanye hivi:

Sogeza mishale yote ikae kwenye namba 12, mmoja juu ya mwingine. Funika mishale kwa kipande cha mfuko mwembamba wa plastiki, kisha ung'oe kwa nyenzo mbili zilizoingizwa pande mbili zinazokabiliana, zikiinua kwa wakati mmoja. Plastiki hiyo hulinda uso wa saa na hukamata kipande chochote kitakachoruka. Ukiinua upande mmoja tu, mshale wa dakika hujikunja na rangi hupasuka hapo hapo.

Laza mshale kifudifudi kwenye kioo safi. Tayarisha utomvu wa Paraloid B-72 katika asetoni, gramu 0.5 kwa mililita 10, yaani asilimia 5. Huu ndio unaotumiwa na wahifadhi wa vitu vya makumbusho kwa sababu hauwi njano upesi na unaweza kuyeyushwa tena ukihitajika. Chovya ncha ya sindano ya kutilia mafuta ya saa, gusa penye ufa, na uondoe mkono. Ukitazama kwa lenzi utaona tone likinyonywa ndani ya ufa na kukimbia kuufuata hadi mwisho wake, na mstari mweupe wa ufa ukigeuka kivuli na kupotea. Kama tone limekaa juu bila kuingia, utomvu ni mzito, ongeza asetoni. Subiri dakika 15, kisha rudia mara moja, au mbili ikibidi. Zaidi ya hapo rangi huanza kumeremeta na kuwa nyeusi, jambo litakaloonekana kutoka mbele.

Jaribu kwanza kwenye mkia wa mshale, au sehemu inayofichwa na mshale mwingine. Asetoni huyeyusha vanishi nyingine za zamani, na huondoa kabisa rangi nyeusi au nyeupe iliyopakwa juu ya fremu. Mishale ya namna hiyo, kama si ya dhahabu, nikeli au chuma kitupu, mpe fundi.

Usitumie gundi ya haraka ya sianoakrilati. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye chuma na kwenye uso wa saa, na ikishakauka haitoki bila kuondoka na rangi.

Kama kipande kidogo kimeshapotea, ziba pengo peke yake kwa rangi mpya iliyotiwa kivuli cha ile ya zamani. Mshale wenye kiraka cha milimita moja bado ni mshale wa asili.

Dalili: mishale na namba hazifanani rangi

Kabla ya kumlaumu mtu, fahamu kwamba hata kiwandani mishale na nyuso za saa mara nyingi zilitoka kwa watengenezaji tofauti, wenye gundi tofauti. Tofauti ndogo ya kivuli, mishale ikiwa imeiva zaidi au pungufu kidogo, ni ya kawaida na haidai matengenezo.

Tofauti kubwa ina maana nyingine. Mulika kwa urujuanimno. Mishale ikiwaka na namba zisipowaka, mishale ilipakwa upya au ilibadilishwa kwenye matengenezo ya zamani. Namba zikiwaka na mishale isipowaka, ni uso wa saa uliofanyiwa kazi, na hilo ni zito zaidi kwa thamani ya saa. Vyote vikizima sawasawa ila rangi ni tofauti, mara nyingi ni uzee uliokwenda kwa mwendo tofauti, au unyevu uliogusa upande mmoja.

Madoa meusi au ya kijani ndani ya rangi ni ukungu, au kutu ya shaba kutoka kwenye fremu. Yasiguswe kwa maji. Kama hayasambai, chanzo cha unyevu ndicho cha kutibu: badilisha gasketi ya kifuniko na ya kitufe cha kutilia ufunguo, na kama kioo kina ufa, kioo pia. Rangi iliyodoa lakini imeshika haina haja ya kutolewa.

Dalili: kivuli cha mishale kimeungua kwenye uso wa saa

Doa la kahawia lenye umbo la mshale, kwa kawaida kwenye saa iliyolala kabatini miaka mingi bila kutembea. Hii ni alama ya radiamu: mionzi imechoma vanishi ya uso mahali mshale uliposimama. Haisafishiki. Kila jaribio la kuisafisha huondoa maandishi kabla ya kuondoa doa.

Kinachofaa ni kuzuia nyingine. Saa ya radiamu isiyovaliwa isogezwe mishale mara kwa mara, bila kufungua kifuniko. Ukiwa na saa nyingi za aina hiyo, zisikae pamoja kwenye kisanduku kilichofungwa chumbani mwa kulala. Radiamu huzaa gesi ya radoni, nayo hujikusanya penye hewa isiyotembea.

Dalili zinazojitokeza baada ya kupaka upya

Kupaka upya ni kwa mishale iliyokwisha kupoteza rangi yake, au ambayo imebomoka kiasi kwamba kuimarisha hakusaidii. Radiamu isiondolewe nyumbani kwa namna yoyote. Njia safi ni kununua mishale mingine na kuihifadhi ile ya zamani, imefungwa na kuandikwa. Kwa tritiamu, loweka mshale kwenye asetoni ndani ya kichupa kilichofunikwa mpaka utando uachie wenyewe, badala ya kukwangua.

Mchanganyiko: anza na uzito sawa wa poda ya aluminati na gundi yake ya vanishi, kisha ongeza poda kidogo kidogo mpaka ufanane na asali nzito, unaoning'inia kwenye kijiti kabla ya kudondoka. Koroga kwa kioo au plastiki. Kivuli cha uzee hutiwa kwa poda za udongo za wachoraji, njano na kahawia, kwa kipimo cha ncha ya sindano. Paka mfano kwenye kipande cha kioo na uuache ukauke, maana rangi ikikauka si ile uliyoiona ikiwa mbichi.

Mshale ulale kifudifudi, fremu imeinuliwa pande mbili ili dirisha lisiguse kitu. Jaza kijiti, gusa kingo zote mbili kwenye mwisho mpana wa dirisha, na uvute kwa mwendo mmoja kuelekea kwenye ncha. Utando hujitandaza nyuma ya kijiti. Funika na uache saa 24.

Yanayokwenda kombo:

*Utando unatoboka katikati.* Mchanganyiko ni mwepesi au dirisha ni pana. Ongeza poda; kwa dirisha linalozidi milimita moja, paka tabaka jembamba, liache likauke, kisha la pili.

*Rangi imejitokeza mbele kama tumbo.* Umeweka nyingi, au mshale uligusa meza. Iyeyushe uanze tena. Kuikata kwa wembe huacha ukingo uliochanika unaoonekana hata bila lenzi.

*Imekuwa kijivu.* Ulikoroga kwa chuma. Chembe za aluminati ni ngumu, hukwangua kibano na kubeba unga wake.

*Haiwaki vizuri.* Kivuli kimezidi, tabaka ni jembamba mno, au poda imesagwa. Mtu huona chenga na kufikiri kuzisaga kutaleta uso laini, lakini chembe zikivunjwa hupoteza mwanga. Kwa mshale usio na dirisha, chuma cheusi chini yake hunywa mwanga. Tanguliza tabaka jeupe. Kama gundi uliyotumia ni ya maji, hiyo nayo ni sababu tosha.

*Viputo.* Ulikoroga kwa kasi. Acha mchanganyiko utulie dakika tano ukiwa umefunikwa.

Dalili: saa inasimama tangu mishale irudishwe

Andika saa iliposimama. Mshale wa dakika hupita juu ya mshale wa saa kila baada ya dakika 65 na nusu hivi: kwa namba za uso wa saa, 12:00, kisha karibu 1:05, 2:11, 3:16, na kuendelea. Ikiwa inasimama kwenye nyakati hizo, mishale inagusana, na mara tisa kati ya kumi ni rangi iliyoning'inia chini ya mshale wa dakika. Tazama saa kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa uso. Lazima uone mwanga kati ya kila mshale na mwenzake kuanzia kati hadi kwenye ncha. Ikiwa inasimama kwenye nyakati nyingine zisizobadilika, mshale wa saa unakwaruza namba iliyoinuka, au wa dakika unagusa kioo.

Suluhisho la kwanza ni kuushindilia tena mshale wa saa uingie hadi mwisho wake, kwa kishindilio chenye ncha ya plastiki. La pili ni kupunguza unene wa rangi. Kupinda mshale kuwe la mwisho, na kufanywe kabla ya kupaka rangi, kwa sababu utando uliokauka haupindi, huvunjika.

Ikiwa mishale inatembea lakini haikutani kwenye namba 12, au wa dakika unabaki nyuma, tundu limelegea. Hili huja zaidi na mishale ya kununua. Kila mashine ina vipimo vyake; ETA 2824-2, kwa mfano, hutaka tundu la milimita 1.50 kwa mshale wa saa, 0.90 kwa dakika na 0.25 kwa sekunde. Tofauti ya milimita 0.05 inatosha kuharibu kazi. Tundu dogo linaweza kupanuliwa kidogo kidogo kwa kipekecho. Kubwa likazwe na fundi mwenye kifaa chake, kwani kulibana kwa koleo hulifanya yai. Pima pia urefu, kutoka katikati ya tundu: ncha ya mshale wa dakika ifike kwenye mstari wa dakika, ya mshale wa saa iishie kwenye ukingo wa ndani wa namba.

Baada ya kurudisha, zungusha mishale kwa mkono saa 12 nzima ukiitazama, kabla ya kufunga kioo. Kisha iache saa itembee siku nzima ikilala kifudifudi, mkao ambao mishale huning'inia kuelekea kwenye kioo na rangi isiyoshika vizuri hudondoka.

Mpe fundi, usijaribu, ikiwa: kipima mionzi kimepanda na rangi imepasuka, fremu ya mshale imeliwa na kutu mpaka imebaki uzi, mshale wa sekunde wa katikati hautoki kwa nguvu ndogo, maana mhimili wake ni mwembamba na ukikatika utabadilisha gurudumu zima, au saa ni adimu na mishale yake haipatikani tena. Mwambie kwa maandishi kwamba hutaki mishale ipakwe upya bila ruhusa yako, na kwamba kila kitakachotolewa, hata kipande kilichovunjika, kirudishwe ndani ya kichupa.

Mishale ya asili iliyotolewa ikae na saa yake: kila mmoja kwenye kapsuli yake, na karatasi yenye namba ya saa, aina ya rangi na tarehe ilipotolewa.